Meli Kubwa na Mashua Ndogo: Makosa ya Kibinadamu na Usalama Katika Bahari ya Kilifi

Wakati wa kaskazi, bahari inapotulia, wavuvi kutoka Mtwapa, Takaungu, Kilifi, Watamu, Malindi, Mambrui na Ngomeni huvuka milango ya miamba usiku na kwenda kutupa nyavu na mishipi katika maji makuu. Baadhi ya maji hayo ndiyo njia ya meli zinazoingia na kutoka Mombasa. Mvuvi anapoona taa za meli kwa mbali, huamini kwamba waliomo nao wameiona mashua yake. Afisa aliye zamu ndani ya meli, kwa upande wake, haoni kitu mbele yake na huamini kwamba bahari ni tupu. Mara nyingi wote wawili wamekosea.

Ajali za baharini husemwa kuwa zimeletwa na upepo, mawimbi au kudra. Hayo yana nafasi yake. Lakini ajali nyingi zikichunguzwa, hupatikana pia jambo lililofanywa au kuachwa na mtu: aliyelala zamu, aliyedhani ameonekana, aliyejaza chombo kupita kiasi, au aliyeona hatari akanyamaza. Makala hii inaeleza makosa hayo hutokeaje, na wakazi wa Kaunti ya Kilifi wanaotegemea bahari wanaweza kufanya nini ili kuyaepuka.

BAHARI YENYE SHUGHULI NYINGI

Pwani ya Kilifi iko kaskazini mwa Mombasa, bandari kubwa kuliko zote Afrika Mashariki. Mwaka 2024 bandari hiyo ilipitisha zaidi ya tani milioni 40 za shehena. Meli zinazotoka Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na India kwenda Mombasa hushuka kutoka kaskazini-mashariki, na hivyo hupita mbele ya pwani ya Malindi na Kilifi. Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipofunguliwa mwezi Mei 2021, ziko pia meli zinazosafiri kati ya bandari hizo mbili.

Ndani ya maji hayo mna mashua, madau, ngalawa na boti za faiba za wavuvi wa hapa. Wakati wa kaskazi, takribani Desemba hadi Machi, huongezeka wavuvi wageni, wakiwemo wa kutoka Pemba, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakipiga kambi katika fuo za Kilifi. Kuna boti za watalii wanaovua samaki wakubwa kutoka Malindi na Watamu, boti za kutazama matumbawe katika hifadhi za baharini, na majahazi ya mizigo. Katika Ghuba ya Ungwana, meli za kukokota nyavu za kamba na wavuvi wadogo wamekuwa na mvutano wa muda mrefu kuhusu nyavu zilizokatwa na maeneo ya kuvulia, hadi Serikali ikasimamisha uvuvi huo wa kukokota mwaka 2006 kabla ya kuuruhusu tena baadaye kwa masharti.

Kipindi cha kusi, kuanzia takribani Aprili, wavuvi wengi hubaki ndani ya mwamba kwa sababu bahari imechafuka. Kwa hiyo msimu wa bahari tulivu ndio ambao vyombo vidogo huenda mbali zaidi na kukaribia njia za meli. Bahari tulivu huondoa hofu ya mawimbi, lakini haiondoi hatari ya kugongwa.

KWA NINI MELI HAIIONI MASHUA

Meli ya makontena inaweza kuwa na urefu wa mita 200 au zaidi, na chumba cha usukani mara nyingi huwa nyuma, juu sana. Mizigo iliyopangwa mbele huficha sehemu ya bahari. Kanuni za kimataifa zinaruhusu eneo lisiloonekana mbele ya meli kufikia urefu wa meli mara mbili au mita 500, kutegemea lipi ni dogo. Mashua iliyoingia katika eneo hilo haionekani kwa macho hata mchana.

Wengi hudhani kwamba rada itaiona. Rada huona vizuri chuma na vitu virefu. Mbao na faiba hurudisha alama hafifu, na mashua iliyolala chini baina ya mawimbi huchanganyika na alama za mawimbi yenyewe. Meli kubwa pia hubeba kifaa cha AIS kinachotangaza jina, mahali na mwendo wake kwa vyombo vingine. Afisa aliyezoea kutazama kioo cha kifaa hicho anaweza kusahau kwamba mashua za wavuvi hazina AIS, na kwa hiyo hazimo katika kioo hicho.

Kisha kuna suala la muda. Meli inayokwenda maili 18 za baharini kwa saa humaliza maili moja, yaani karibu kilomita 2, kwa dakika 3 na sekunde 20. Taa nyeupe inayoonekana kutoka umbali wa maili 2 humpa afisa chini ya dakika 7 za kuiona, kuelewa ni nini na kugeuza meli. Mashua isiyo na taa ambayo imeonekana ikiwa nusu maili tu humwachia chini ya dakika 2. Meli kubwa yenye shehena haina breki kama ya gari. Hata injini ikirudishwa nyuma kwa nguvu zote, inaweza kwenda maili moja au zaidi kabla ya kusimama.

Tofauti kati ya dakika 7 na dakika 2 ni tochi moja tu.

MAKOSA YANAYOTOKEA NDANI YA MELI

Meli kubwa huendeshwa na watu wachache, mara nyingi kati ya 20 na 25. Usiku, chumba cha usukani huwa na afisa mmoja na baharia mmoja wa kuangalia mbele. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unataka kila mmoja apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku 7. Lakini meli inayoingia bandari moja baada ya nyingine hukatiza usingizi wa watu wake mara kwa mara.

Uchovu si uvivu. Utafiti umeonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hadi 19 hufanya kazi sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, ambacho ndicho kikomo anachowekewa baharia aliye kazini. Mwili wenyewe huzidiwa na usingizi kati ya saa nane na saa kumi na mbili alfajiri, wakati ambao wavuvi wengi wa usiku wanavuta nyavu au wanarudi nyumbani.

Mfano mkubwa katika Bahari ya Hindi ni wa meli ya Wakashio. Tarehe 25 Julai 2020 meli hiyo, yenye urefu wa karibu mita 300, ilipanda mwamba huko Mauritius ikiwa safarini kutoka Singapore kwenda Brazil. Injini haikuwa imeharibika. Uchunguzi ulibaini kwamba meli ilisogezwa karibu na nchi kavu ili mabaharia wapate mtandao wa simu, na kwamba waliokuwa wakiiongoza hawakuwa na ramani yenye maelezo ya kutosha ya eneo hilo la karibu na pwani. Jioni hiyo kulikuwa na sherehe ya siku ya kuzaliwa ya baharia mmoja. Karibu tani 1,000 za mafuta zilimwagika, zikachafua matumbawe, mikoko na fuo ambazo wavuvi na wafanyakazi wa utalii walizitegemea. Nahodha na msaidizi wake walihukumiwa kifungo mwezi Desemba 2021.

Kilifi nayo ina matumbawe ya Malindi na Watamu, mikoko ya Mida na fuo zinazolisha maelfu ya familia. Ilichofanya meli hiyo, yaani kuacha njia yake kwa jambo dogo katika bahari tulivu, kinaweza kufanywa na meli nyingine popote. Mvuvi hawezi kuhesabu kwamba meli zitakaa mbali siku zote.

MAKOSA YANAYOTOKEA NDANI YA VYOMBO VIDOGO

Vyombo vidogo navyo vina makosa yake, na hayo ndiyo yaliyo mikononi mwa wakazi wenyewe.

La kwanza ni kulala wote. Baada ya kutia nyavu, wavuvi hutia nanga au huacha mashua ielee, kisha kila mtu hujifunika. Taa huzimwa ili kuokoa betri au mafuta. Mashua hiyo sasa haina macho wala haionekani. Zamu ya mtu mmoja, hata ya saa moja moja, inatosha kubadili hali hiyo.

La pili ni kunyamaza. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na ni kweli kwamba chombo kinataka amri moja. Lakini mara nyingi kijana aliye omoni ndiye wa kwanza kuona taa au kusikia mngurumo. Akiogopa kukemewa, dakika zinapotea. Nahodha mzuri huwaambia watu wake kabla ya kutoka kwamba atakayeona jambo aseme papo hapo, hata kama baadaye itaonekana halikuwa kitu. Amri inabaki ya nahodha, lakini macho ni ya kila mtu.

La tatu ni haraka. Samaki huharibika, mnunuzi anasubiri ufuoni, na maji yakipwa mlango wa mwamba haupitiki. Nahodha hujikuta akikata mbele ya meli badala ya kungoja dakika chache ipite, au akitoka siku ambayo Idara ya Hali ya Hewa imetoa onyo. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Afrika Mashariki, Serikali ilisimamisha shughuli za uvuvi na za fuo. Agizo la namna hiyo hutolewa bahari ikiwa bado inaonekana shwari kutoka ufuoni, na hapo ndipo huwa vigumu kulitii.

La nne ni kujaza chombo kupita kiasi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, Mombasa, ilipinduka mita chache tu kutoka gatini, na watu 272 wakafa. Ilikuwa imebeba abiria kupita kiwango chake cha 300. Hapakuwa na dhoruba. Boti inayovusha watu au kuwapeleka watalii kwenye matumbawe inaongozwa na kanuni ileile: idadi ya abiria iliyoandikwa ndiyo mwisho, na abiria wote wakisimama upande mmoja kutazama kitu, chombo kinaweza kupinduka hata idadi ikiwa halali.

La tano ni mazoea. Aliyevua miaka 20 bila ajali huona jaketi la kuokoa maisha kuwa ni mzigo. Jaketi lililofungiwa chini ya ubao wa kukalia halimsaidii mtu aliyetupwa majini gizani.

SHERIA YA NJIA BAHARINI

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinahusu vyombo vyote, vikubwa na vidogo. Kila chombo kinatakiwa kuwa na mtu anayeangalia na kusikiliza wakati wote. Chombo cha injini kinatakiwa kukipisha chombo cha tanga, na kukipisha chombo kinachovua kwa nyavu au mishipi inayokizuia kugeuka kwa urahisi. Kuvua kwa mshipi wa kukokota nyuma ya boti hakuhesabiwi hapo.

Lakini katika mlango mwembamba, kama ule wa kuingilia bandari ya Kilindini, mambo hugeuka. Chombo cha chini ya mita 20, chombo cha tanga na chombo kinachovua havitakiwi kuizuia meli ambayo haiwezi kutoka nje ya njia yake. Manahodha wa Kilifi wanaoshuka Mombasa wanapaswa kulikumbuka hilo.

Kuhusu taa, boti ya injini yenye urefu usiofika mita 7 na mwendo usiozidi maili 7 kwa saa inaweza kutumia taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Chombo cha tanga cha ukubwa huo, na kile cha makasia, kinatakiwa angalau kuwa na tochi au kandili tayari, ya kuonyeshwa mapema kabla ya hatari.

Hata mvuvi mwenye haki ya njia hafaidiki na haki hiyo ikiwa meli haikumwona. Sheria humpa haki, ila taa ndiyo inayompa usalama.

KUZISOMA TAA ZA MELI

Usiku, meli huonyesha taa nyekundu upande wake wa kushoto na ya kijani upande wake wa kulia. Meli ndefu huwa pia na taa nyeupe mbili juu ya milingoti, ya mbele ikiwa chini kuliko ya nyuma.

• Ikionekana nyekundu peke yake, meli inaonyesha ubavu wake wa kushoto.
• Ikionekana kijani peke yake, meli inaonyesha ubavu wake wa kulia.
• Zikionekana nyekundu na kijani pamoja, na taa mbili nyeupe zimesimama moja juu ya nyingine, meli inaelekea moja kwa moja pale mtazamaji alipo.

Mchana kuna kipimo kingine. Mashua ikiwa inakwenda njia moja bila kugeuka, nahodha huketi mahali pamoja na kuitazama meli kwa kuilinganisha na kamba ya mlingoti au ukingo wa chombo. Meli ikisogea mbele au nyuma ya alama hiyo, vyombo vitapishana. Ikibaki palepale huku ikizidi kuwa kubwa, vitakutana. Hapo nahodha anatakiwa kugeuka mapema na kwa wazi, bila kupita mbele ya meli. Meli ikipiga honi fupi tano au zaidi, inasema haielewi chombo kilicho mbele kinataka kufanya nini.

HATARI YA KUISOGELEA MELI

Wako wanaozisogelea meli ili kuomba maji, mafuta au kuuza samaki. Tangu miaka ya uharamia wa Somalia, baadhi ya meli hubeba walinzi wenye silaha, na boti ndogo inayokuja kwa kasi huweza kudhaniwa ni ya maharamia. Tarehe 15 Februari 2012, karibu na pwani ya Kerala nchini India, wavuvi wawili waliuawa kwa risasi na wanajeshi waliokuwa wakiilinda meli ya mafuta ya Italia, Enrica Lexie, ambao walisema waliwadhania maharamia. Italia baadaye ilitakiwa kulipa fidia, lakini fidia haikuwarudisha wavuvi hao. Meli isisogelewe, na iwapo haikuepukika kupita karibu nayo, boti ipunguze mwendo na watu waonekane wazi.

NANI ANAHUSIKA NA NINI

Chini ya Katiba ya 2010, uvuvi ni miongoni mwa majukumu ya kaunti, lakini udhibiti wa meli za kitaifa na kimataifa ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, husimamia usalama wa vyombo na ina kituo cha kuratibu uokoaji baharini kilichoko Mombasa. Walinzi wa Pwani, walioundwa kwa sheria ya mwaka 2018, hulinda maji ya nchi na husaidia katika uokoaji. Ufuoni, vikundi vya BMU ndivyo vilivyo karibu zaidi na mvuvi: vinajua nani ametoka, kwa chombo gani na kuelekea wapi.

KABLA YA KUTOKA

• Nahodha aiarifu BMU au mtu wa nyumbani anakoelekea, idadi ya watu chomboni na saa ya kurudi.
• Taa nyeupe, tochi ya akiba na betri zake viwekwe mahali pasipoingia maji.
• Kila mtu awe na jaketi la kuokoa maisha, na alivae usiku.
• Ncha za nyavu ziwekewe bendera mchana na taa usiku.
• Zamu ya kuangalia ipangwe kabla ya kuondoka, si baada ya watu kuchoka.
• Mafuta ya kwendea, ya kurudia na ya akiba yapimwe kabla ya safari.
• Simu itiwe chaji na kufungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kwa vile mtandao hupotea mbali na pwani, chombo kinachokwenda maji makuu kinafaa kuwa na redio ya VHF. Chaneli 16 ndiyo ya dharura.
• Asiye na redio anaweza kuomba msaada kwa kuinua na kushusha mikono yote miwili polepole, tena na tena, au kwa moshi wa rangi ya machungwa.

Walio nchi kavu nao wana kazi yao. Chombo kikipita saa iliyoahidiwa, familia nyingi hungoja hadi asubuhi kwa matumaini kwamba mashini imesumbua tu au upepo umekufa. Kila saa inayopita, mkondo unazidi kukipeleka chombo mbali na eneo la kutafutia linapanuka. Anayengoja anashauriwa kuiarifu BMU mara moja na kupiga simu ya dharura 999 au 112, akitaja jina na rangi ya chombo, idadi ya watu, mahali walikoelekea na saa waliyotoka. Ikiwa baadaye watu watarudi salama, hakuna atakayelaumiwa kwa kupiga simu hiyo.